Mgeni Wangu Anahutubia, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi na mwenzangu tunarekodi podikasti ya mahojiano hapa Dodoma, siasa, utamaduni na sanaa humohumo. Tumefikisha vipindi kumi na kimoja. Tukimleta mwanasiasa, anahutubia. Tukimleta msanii, anamshukuru Mungu na mashabiki wake, basi, kimeisha. Watu wanatushauri tuchague jambo moja. Tuchague? Na mtu mzima uliyemwamkia shikamoo unambanaje? Kipindi kijacho tunataka kumwita mama mmoja mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, wa huku Miyuji, tunaogopa naye atamshukuru Mungu tu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimesikiliza vitatu kati ya vipindi mlivyonitumia, kimoja nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nusu sikio kwenu na nusu kwa mwenye mashine asije akanipita zamu. Ndivyo wasikilizaji wenu wengi wanavyowasikiliza, kwa hiyo nahesabu kwamba nimewatendea haki.

La kuchagua nilimalize haraka: msichague. Labda mngekuwa mji mwingine ningefikiri mara mbili, lakini Dodoma ni mji uliotengenezwa na siasa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ya kupanga mji. CDA ikapima, ikagawa viwanja, ikagombana na watu na kupatana nao, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Kaa na mzee yeyote wa Chang'ombe au Nkuhungu, chai haijapoa atakuwa ameshafika kwenye shamba lililogeuka kiwanja. Hayo mtayaweka fungu gani, siasa au utamaduni?

Au mchukueni Hukwe Zawose. Mgogo wa hapahapa, mpiga zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na ala zake mpaka alipofariki mwaka 2003. Msanii aliyeitwa na Rais ni habari ya siasa na ya sanaa kwa pumzi moja. Ukoo wake haujanyamaza: mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti yake na mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha wakijiita The Zawose Queens. Hao ni wanawake waliokaa miaka mingi kwenye kuitikia, kwa sababu ala zilikuwa mikononi mwa wanaume. Ukimuuliza mwanamke wa Kigogo siku ya kwanza aliposhika ilimba nani alikunja uso, umeuliza swali la siasa, na wala hukutaja chama.

Kwa hiyo mchanganyiko wenu hauna kosa. Kosa liko kwenye maswali.

Kile kipindi cha mbunge nimekihesabu. Maswali tisa. Sita yanaanza na "unazungumziaje" au "una maoni gani". Swali la kwanza ni "Mheshimiwa, unazungumziaje hali ya maendeleo jimboni kwako?" na akajibu kwa dakika kumi na nne. Mdogo wangu, kwa swali hilo hata mimi ningehutubia. "Unazungumziaje" ni sawa na kumkabidhi mtu kipaza sauti na kusogea pembeni. Maoni mwanasiasa anayo mfukoni, ameyatumia Jumamosi kwenye msiba, Jumapili kanisani na Jumatatu kwa waandishi. Asichokuwa nacho tayari ni juzi yake: aliamka saa ngapi, alikutana na nani mlangoni, alisema nini na huyo mtu.

Nilijifunza hilo kwa bahati. Ilikuwa wakati wa Bunge la bajeti, lile linaloanza Aprili hadi mwisho wa Juni, mji umejaa, nyumba za wageni hazishikiki. Nilikuwa na mbunge mmoja, jina tuliache, tumekaa baraza ya nyumba aliyopanga Area D. Nusu saa nzima alikuwa ananipa mipango na mikakati. Nimechoka, nikamuuliza tu kwa kuwa nilikuwa nimewaona watu watatu wamekaa kwenye benchi nje ya geti wakati naingia: "Wale pale nje ni kina nani?" Akanyamaza. Akacheka kidogo. Halafu akaita kijana wake alete daftari.

Lilikuwa daftari la shule, lile la kurasa mia, jalada limechanika kona. Ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe, kulikuwa na tarehe, jina, kijiji, shida. Nauli ya kurudi. Ada ya mtoto. Jeneza. Mchango wa harusi. Nauli. Jezi za timu. Nauli tena. Akaanza kunisomea, na kila mstari ukawa na hadithi yake, nani alikuwa mkweli na nani alikuja mara mbili kwa msiba uleule. Kwa dakika ishirini yule mtu hakutaja neno "maendeleo" hata mara moja, na ndipo nilipoelewa kazi ya mbunge wa Tanzania ilivyo, inayotamkwa bungeni na inayofanyika getini. Mahojiano yote niliyorusha yalikuwa hizo dakika ishirini. Ile nusu saa ya mwanzo niliifuta.

Ndiyo maana nasema: muulize alichofanya, usimuulize anachofikiri. Anachofikiri kitatoka chenyewe katikati ya alichofanya, tena kikiwa hakijapigwa pasi.

Msanii ni jambo jingine, na hapa nadhani mnamwonea. "Namshukuru Mungu" kwake ni adabu, wala hakwepi. Mswahili aliyelelewa hajisifu mbele za watu, na nyinyi mnamuuliza "siri ya mafanikio yako ni nini", yaani mnamwomba ajisifu. Atajificha wapi kama si kwa Mungu? Mpeni kitu cha kushika. Mtu akishika kazi yake mikononi, haya inaondoka, kwa sababu sasa anaisema kazi na nafsi yake imekaa pembeni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Chamwino kumrekodi mzee mpiga ilimba. Nikamuuliza kuhusu utamaduni, akanipa yale anayowapa wageni wote wanaokuja kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo: utamaduni ni hazina, vijana wauenzi. Sawa, asante. Kinasa sauti kinazunguka, sina kitu. Akawa anasawazisha ala yake kabla ya kupiga, anagonga vyuma kwa kijinyundo, kimoja ndani kidogo, kingine nje kidogo, anasikiliza. Nikaona kuna vyuma havigusi kabisa. Nikamuuliza, "Hiki mbona hukipigi?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la maana kwa mara ya kwanza. "Hicho hakipigwi. Hicho kinaitikia."

Ilimba ina vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na vingine vipo kwa ajili ya kutetemeka tu wenzao wanapopigwa. Ndivyo sauti inavyopata ule wingi, ukadhani wapigaji wako watatu. Na kwenye sanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito anaofunikia mayai yake. Ndio unaotoa ile sauti ya kuunguruma kama nyuki. Mzee akanionyesha tundu, akalalamika: utando mzuri siku hizi ni wa kutafuta. Zamani alikuwa anaubandua ukutani kwake kwenye tembe, nyumba yetu ya udongo ya kienyeji. Sasa amejenga nyumba ya tofali za kuchoma, bati, kuta laini, buibui hawakai. Nyumba aliijenga lini? Alipolipwa fidia. Fidia ya nini? Hapo ndipo tulipokaa saa mbili: tembe la baba yake, miaka ya mwanzo ya sabini watu wa Dodoma walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, kaka mtu aliyekataa kuhama, kisha mji uliokuja kumfuata mzee hukohuko alikohamia.

Kutoka kwa buibui hadi kwenye sera ya ardhi, na mimi sikuuliza swali hata moja lenye neno sera. Nilikuwa nauliza tu kitu kilichokuwa mbele yangu.

Sasa hili la shikamoo, ambalo naona ndilo hasa linalowatesa. Kwanza, msiikate. Vijana wengi wanaamkia nje, halafu wakiwasha kinasa wanajifanya watu wazima. Acheni shikamoo isikike, na kama mgeni ni Mgogo mtupieni salamu yenu ya Kigogo, "mbukwenyi", muone anavyolainika. Msikilizaji akishasikia mna adabu, atawavumilia kwa swali gumu litakalofuata. Asiposikia, hata swali la kawaida ataliona ni utovu.

Pili, swali gumu liacheni litoke kwenye karatasi. Kijana wa miaka ishirini na sita kumwambia mzee wa sitini "ulidanganya" haiwezekani, na mimi mwenyewe nisingependa iwezekane. Lakini Bunge letu linachapisha Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, neno kwa neno, na zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Chapa ukurasa. Uweke mezani. Sema: "Mheshimiwa, nimesoma kwenye Taarifa Rasmi za tarehe fulani, ulisema barabara itakamilika ndani ya mwaka. Naomba unisaidie kuelewa kilichotokea baada ya hapo." Wewe umeomba kusaidiwa, karatasi ndiyo iliyombana. Karatasi haina wa kuiamkia.

Tatu, angalieni viambishi. Naona mnasema "mliahidi", "mmefanya nini", "mna mpango gani". Najua ni heshima, lakini ukisema "mliahidi" umempa serikali nzima ya kujificha nyuma yake. Sema "uliahidi". "Wewe" mtupu kwa mzee unakwaruza, ndiyo, ila "u-" ya kwenye kitenzi haimkwaruzi mtu ikitanguliwa na "mzee" au "mama".

Na kuna sentensi moja nataka muiogope kama mnavyoogopa nyoka: "suala hilo linafanyiwa kazi". Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa nzuri sana, na ofisi zimeigeuza shimo la kutupia taka. Limefanyiwa kazi, limechukuliwa, litaangaliwa. Nani? Dawa yake ni maneno mawili, taratibu, bila kukunja sauti: "Na nani?" Akijibu "na wataalamu", uliza "wako ofisi gani, nikawatafute?" Mara nyingi atatabasamu. Tabasamu halisikiki kwenye sauti, kwa hiyo msaidieni msikilizaji: "Naona mzee umetabasamu." Kwa hilo hamjamtukana mtu.

Baada ya kuuliza, nyamazeni. Mwenzako ana ugonjwa wa "sawasawa". Katika kile kipindi cha mchongaji nimehesabu arobaini na moja. Kila mgeni anapovuta pumzi kutafuta neno la ndani zaidi, "sawasawa" inamwambia imetosha, pita. Kaeni kimya mhesabu moja hadi nne. Ni muda mrefu sana ukiwa umekaa pale, lakini ndani ya hizo sekunde nne ndiyo mgeni husema lile ambalo hakupanga. Mwenzako atikise kichwa tu.

Lugha: acheni watu wateleze. Katika kipindi cha tatu bibi mmoja alianza kusema Cigogo, mkamrudisha kwenye Kiswahili haraka kama mwalimu wa zamu. Alikuwa anaelekea mahali. Mwacheni amalize, kisha mwenye sauti ya umri wake, si kijana wa miaka ishirini, asome tafsiri juu ya sauti yake, mkiacha sentensi mbili za mwanzo zisikike zenyewe.

Ufundi sitaukalia sana. Vyumba vyenu vinatoa mwangwi. Magodoro mawili ukutani na mablanketi juu ya meza yatawafanyia zaidi ya maikrofoni mpya. Zimeni feni. Bati la Dodoma saa saba mchana linalia kwa joto, tik tik tik, na Juni hadi Agosti upepo wenu unajaa vumbi na mivumo, kwa hiyo rekodini asubuhi. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Kwa ala, sogezeni kwenye tundu la sanduku, siyo kwenye vidole. Rekodini kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, ambayo kwa kHz 48 na biti 16 hula karibu MB 350 kwa saa kwa kila maikrofoni, halafu mnapotoa kipindi kigeuzeni MP3, faili lililobanwa, ya mono (mkondo mmoja wa sauti) kbps 64. Saa nzima inakuwa kama MB 29. Nyinyi mnatoa kwa stereo kbps 128, ambayo ni mara mbili ya hapo, na maneno ya watu wawili hayahitaji stereo. Mwenye bando la siku anahesabu, hata kama hawaambii. Video ya saa hiyohiyo ni zaidi ya mara kumi, ndiyo maana nasema wapeni sauti peke yake pia, wasilazimike kutazama nyuso zenu.

Hamkuuliza kuhusu bahasha, nami nitajibu. Mwanasiasa akimaliza atawapa "ya maji". Rudisheni, mbele yake, kwa tabasamu, mkisema kazi hii tunajilipa wenyewe. Mkichukua mara moja, mtashangaa kipindi kijacho mnavyouliza kwa upole. Msanii mzee ni kinyume chake: yeye mpeni nauli na mlo, ametoka shambani kuja kuwapa kazi yake. Akipiga wimbo wake mbele ya kinasa chenu, wimbo unabaki wake. Patanani kabisa, kwa maandishi hata ya mistari mitatu, mtautumia wapi. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaeleza mkiwauliza.

Mgeni akitaka kusikiliza kabla hamjatoa, jibu langu ni hapana kwa mwanasiasa na ndiyo kwa mama wa kijijini aliyesimulia ya ndani ya nyumba yake. Najua si haki sawa. Mmoja ana msemaji na ofisi, mwingine ana majirani.

Leseni, kwa kifupi: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022, zinawahusu watu kama nyinyi, hasa mnapogusa habari za siasa. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Nendeni na karatasi inayoeleza kipindi chenu, waulizeni leseni ipi inawahusu na ada yake, mrudi na jibu lililoandikwa. Msitegemee ushauri wa rafiki mwenye chaneli, hata wangu. Na tangu kuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba za simu na hadithi za watu mnazohifadhi kwenye kompyuta zenu si vitu vya kuachia ovyo.

Sasa mama wa muheme. Msimwite studio. Nendeni kwake, saa tatu asubuhi, amalize kwanza kazi za nyumbani. Msianze na "historia fupi ya maisha yako". Mwombeni aitoe ngoma, na kabla hajaipiga muulizeni ngozi ni ya mnyama gani, nani aliiwamba, mara ya mwisho ilipasuka lini na kwenye shughuli ya nani. Kama ilipigwa kumpokea kiongozi fulani, mtakuwa mmeshafika kwenye siasa bila kuhama kigoda: walioalikwa waliambiwa na nani, walikaa juani saa ngapi, walirudi na nini. Mkifika hapo aipige, mapajani kama wanavyoipiga, na maikrofoni moja iwe chini karibu na ngoma, nyingine kwake mdomoni. Na mwenzako, nakuomba sana, akae upande ule mwingine wa uwanja.